Shaba ya Miguu ya Mong'ina

Shaba ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu katika duka la Osman mjini Kisii, bomba jembamba jekundu limeviringishwa kama kata ya kubebea mtungi, limewekwa kwenye rafu nyuma ya magunia ya chumvi. Nasema hili kwanza, kabla sijaanza kujipamba. Mtu anayesimulia kosa lake kuanzia katikati huwa ana njama ya kusamehewa, na mimi sikuja hapa kuomba kusamehewa na mtu.

Naitwa Nyamoita. Mume wangu alikuwa Nyangau wa Sironga, na mimi nilikuwa mke wake wa pili. Wa kwanza alikuwa Mong'ina, binti wa watu wa Nyaramba, aliyemzalia mabinti wawili, Nyamusi na mdogo wake, ambao wakati huo walikwisha kuolewa mbali. Nyumba zetu zilitazamana katika ua mmoja, na kati yetu hapakuwa na vita. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mke mwenza mkorofi unaweza kumchukia na usiku ukalala usingizi wako. Mong'ina alikuwa akipika mboga anaigawa mara mbili, chungu kimoja kinaletwa kwangu kikiwa bado cha moto, na mimi nakula huku nimenuna.

Lakini yeye alikuwa na ebitinge. Kwetu sisi Abagusii, mwanamke anaweza kutolewa ng'ombe, akaja kwa mume, akalima, akazaa, na bado akawa hajaolewa sawasawa. Ni siku ya enyangi, ile ngoma kubwa ya kukamilisha ndoa, ndipo anapovishwa ebitinge, pete nzito za chuma kwenye vifundo vya miguu. Akivishwa, amevishwa. Haziondoki mpaka mume afe. Mwanamke akionekana amezivua na mume yu hai, basi ama amemwacha mumewe ama anamwombea kifo, na hakuna maana ya tatu. Waadventisti walipoanza kuwabatiza wanawake na kuwavua, hiyo ilikuwa habari nyingine. Wale walivuliwa makundi kwa makundi, kwa maji na kwa nyimbo, na kila mtu alijua ni dini. Mong'ina hakubatizwa. Ebitinge vyake vilikuwa vya shaba nyekundu badala ya chuma, sita kila mguu, na akienda mtoni ulimsikia kabla hujamwona.

Mimi sikuwa navyo. Nyangau alinitolea ng'ombe mwaka wa thelathini na nane, na enyangi akasema tutafanya mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata vikaja vita. Vita vikaisha, ukaja mtambo.

Mtambo huo ulikuwa umezama katika kinamasi cha Sironga tangu kabla ya vita vya kwanza. Mzungu mmoja mfanyabiashara wa mbao aliuleta kwa meli mpaka Kendu, akaupandisha milimani kwa nguvu zake wenyewe, ukitema moshi na kupasua barabara. Ulikuwa gari la moshi lisilohitaji reli. Gurudumu la nyuma lilipita kichwa cha mwanamume mrefu, na boila lake, tangi la kuchemshia maji, lilikuwa pana kiasi kwamba mbuzi waliingia humo kujikinga na mvua. Ulipofika kinamasini ardhi ikashindwa kuubeba. Mzungu akaenda kutafuta watu wa kuuvuta, vita vikazuka, hakurudi tena. Watu wakangoja kiasi cha heshima, kisha wakaanza kuugawana. Palipo na mzoga hapakosi visu.

Nyangau alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika karakana ya magari ya moshi Kisumu, fundi wa boila. Aliyajua magari yale kwa pumzi. Tukiwa bado tunaishi kule, alikuwa akiacha kijiko hewani, anasikiliza, anasema hilo linalopanda sasa lina bomba linalovuja, na kesho yake linaletwa karakanani kweli. Goti lilipomharibikia akapewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Alifika Sironga mwaka wa arobaini na tano, akaenda kinamasini na mkongojo wake, akausafisha ubavu wa ule mtambo kwa majivu na jani la mgomba mpaka chuma kikaonekana. Alikaa huko mpaka jua likazama. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, na mimi nikajua enyangi yangu imekwenda na maji.

Kiangazi kilichofuata aliita risaga, ile kazi ya majirani inayolipwa kwa pombe. Wakaja wanaume arobaini na ng'ombe kumi na sita, wakachimba, wakatandika magogo, wakavuta. Mimi na Mong'ina tulipika pombe ya wimbi wiki tatu mfululizo kwa ajili ya chuma. Niliwahi kusema kwa sauti kwamba mke mwenzetu huyu mpya ni mnene na hafanyi kazi, na wanaume wakacheka mpaka wakaangusha majembe. Nyangau naye alicheka. Siku mtambo ulipopanda juu ya ardhi ngumu alilia mbele za watu bila kujificha, na hakuna aliyemcheka kwa hilo.

Halafu akaanza kukusanya. Alikuwa na sharti lake moja: kila kitu cha mtambo kirudi kwenye mtambo, na kigeni kisiingie ikiwa cha asili bado kinaishi katika nyumba ya mtu. Mlango wa mbele wa boila aliukuta umefunika shimo la kuivishia ndizi. Mnyororo ulikuwa umefunga fahali huko Nyaramba. Pete ya shaba ya geji, kile kioo cha kupimia mvuke, ilikuwa shingoni mwa ndama, na mwenye ndama akamwambia ataitoa kwa sharti kwamba ndama asijue. Filimbi ilikuwa kwa wenye shule, wakiigonga kwa chuma ili watoto waingie darasani. Alitembea na goti lile bovu, nyumba kwa nyumba, akiomba, akieleza, akichora kwa kijiti ardhini mahali kila kipande kilipokaa. Watu walimpa. Ilikuwa vigumu kumnyima mtu anayependa kitu namna ile. Lazima nikiri kwamba nami nilipomwona amelala chali chini ya boila, anaimba peke yake, ilinibidi nigeuke nisije nikatabasamu.

Mwaka wa arobaini na tisa alikuwa amemaliza karibu kila kitu. Amekula ng'ombe mzima, umebaki mkia. Kilichobaki ni shaba. Mabomba ya mvuke yanapoungana, chuma kwa chuma, mvuke hupita katikati. Lazima pawe na pete laini ya shaba inayobanwa pale. Bomba la shaba lililozunguka ubavu wa mtambo lilikatwa zamani, na Nyangau hakujua lilikokwenda. Alikata tamaa nalo. Basi, kwa kuwa mimi nilikwenda Kisii kila siku ya soko na mzigo wa ndizi, akaniagiza nimuulize Osman kama anaweza kupata shaba.

Osman alikuwa mtu wa mjini, wazazi wake walifika Kisii na biashara kabla mimi sijazaliwa. Aliuza chumvi, blanketi, misumari na habari. Alimpenda Nyangau kwa sababu ya hadithi za Kisumu. Nilipomuuliza akaenda nyuma ya magunia na kunionyesha lile bomba. Akasema, "Mama, mwambie mzee hii ni yake. Hata akija mwakani ataikuta hapa."

Nilitembea kurudi Sironga nikiwa na jibu hilo mdomoni. Njia ni ndefu, na mtu mwenye kinyongo asipewe njia ndefu. Nilikumbuka kwamba fundi Angwenyi, mhunzi, ni mjomba wangu, na kwamba nilimsikia nikiwa mtoto akijisifu nyumbani kwetu: lile bomba la mtambo wa mzungu alilikata yeye, na ebitinge vya yule bibi harusi wa Nyaramba alivifua kutoka humo. Nyangau hakujua. Baba yake ndiye aliyevinunua, vimekwisha tengenezwa. Nilimwona akilini mwangu Mong'ina akitembea uani, nikawaza siku moja tu nisikie ua huu umenyamaza. Sikuwaza zaidi ya hapo. Wivu hauna macho marefu.

Nyangau aliniuliza jioni, akiwa anasugua mikono kwa majani. Nikamwambia Osman hana shaba, na hajui itapatikana lini. Akaendelea kusugua mikono. Nilikuwa bado na nafasi ya kunyamaza.

"Lakini bomba lenyewe la mtambo halikupotea," nikasema. "Muulize mjomba Angwenyi. Limo miguuni mwa mama Nyamusi."

Aliondoka kesho yake asubuhi kwenda kwa Angwenyi, akarudi, akakaa siku tatu bila kwenda kinamasini. Nilimwona anavyomtazama Mong'ina akipita, jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama mbegu. Aliona aibu, hilo nalijua. Siku ya nne akaingia nyumbani kwa Mong'ina na kufunga mlango mchana kweupe. Walizungumza muda mrefu. Nilikaa uani nikipepeta wimbi ule ule uliokwisha pepetwa.

Asubuhi iliyofuata Mong'ina alitoka na mtungi kwenda mtoni, na sikumsikia.

Vifundo vyake vilikuwa na rangi nyingine pale pete zilipokaa miaka ishirini na mitano, ngozi nyembamba, nyeupe kidogo, imekunjamana. Alikuwa anachechemea. Miguu iliyozoea uzito haijui kutembea bila uzito. Aliinua kila hatua juu mno, halafu anatafuta ardhi. Aliponiona ninatazama akacheka, akasema amekuwa mwepesi kama msichana, labda nimtafutie mchumba.

Kijiji hakikucheka. Sokoni wanawake walimuuliza nani amekufa. Wengine hawakuuliza, walihamisha vikapu vyao. Kwenye enyangi ya binti wa jirani, alikokwenda kusaidia kupika, walimwambia kwa adabu akae nje ya ua, kwa kuwa mwanamke aliyejivua asimguse bibi harusi. Alikaa nje. Alimenya ndizi akiwa peke yake chini ya ukingo wa paa, akazipitisha mlangoni, wakazipokea. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, ua umenyamaza, na sikukifurahia. Mtu angeniuliza kwa nini basi sikusema, na jibu ni kwamba nilikuwa mwoga. Kila siku niliyonyamaza iliifanya siku ya kusema kuwa ngumu zaidi.

Mwezi wa tatu mwaka wa hamsini Nyangau aliwasha moto. Wanawake tulibeba maji mitungi themanini kujaza boila. Aliwasha alfajiri kwa kuni za mkaratusi, na mpaka saa nne watu wa vilima vyote walikuwa wamekuja, Waadventisti upande huu na Wakatoliki upande ule, na wasiomjua Mungu yeyote juu ya miti. Alitembea kuuzunguka akigusa kila kiungo kwa kidole kilicholowa mate. Hakuna kilichovuja. Akavuta wenzo, na kile kitu kikubwa kikavuta pumzi, kikasogea hatua tano, kikasimama. Filimbi ikalia. Ng'ombe walikata kamba mpaka Nyaramba. Sijawahi kuona mtu ana furaha kiasi kile, na furaha yake hakuielekeza kwa umati wala kwangu. Alimtafuta Mong'ina kwa macho mpaka akamwona, akavua kofia.

Wiki hiyo hiyo akaniagiza tena kwa Osman. Safari hii alisema waziwazi: anataka shaba ya ebitinge, maana alimwahidi Mong'ina kwamba mtambo ukisimama atamvisha vipya. Mtoto mdogo angeona kwamba mlango umefunguliwa. Ningeweza kurudi na bomba lile na kusema limefika jana, na kosa langu la kwanza lingezikwa hapo. Nilifika dukani. Osman akaniuliza mzee atakuja lini kuchukua shaba yake, imejaa vumbi. Nikamwambia mzee bado anafikiri.

Nyumbani nikasema hakuna. Nilisema hivyo kwa sababu nilifikiri kwa hasira: kwa hiyo yeye atavishwa mara mbili na mimi hata mara moja. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu na sitalipamba.

Mvua zilikuja na homa. Mwaka ule homa ya baridi ilipanda milimani ikapiga nyumba hadi nyumba, na Mong'ina ikampata mwezi wa tano. Tulimpa dawa chungu ya dispensari. Ilishuka ikarudi, ikashuka ikarudi. Mimi ndiye niliyemlaza, nikamkanda, nikambadilisha nguo. Nilipomwosha miguu nilifanya haraka. Watu walisema amejiitia mwenyewe, aliyevua ebitinge na mume yu hai lazima mmoja aondoke. Yeye aliyasikia, kuta zetu ni za udongo.

Siku ya mwisho aliyozungumza vizuri, akili yake ilikuwa imetulia. Alinishika kiganja. "Nyamoita, siku ya soko ukienda Kisii, muulize Osman tena," akasema. "Usichoke kumuuliza."

Nikamwambia nitauliza, mama Nyamusi. Alifariki kabla ya siku ya soko.

Kaka yake Makori alikuja kutoka Nyaramba na wanaume saba. Walimlia dada yao kama inavyopasa, kisha Makori akaingia ndani kumtazama, akafunua shuka upande wa miguu. Alitoka uani pale wazee walipokaa na Nyangau, akabaki amesimama.

"Shemeji, mimi sitaki ugomvi kwenye msiba," akasema. "Lakini mwanamke asiye na ebitinge, na mumewe amekaa mbele yangu anapumua, huyo si mke wa mtu. Nipe dada yangu nimrudishe kwetu."

Kila mmoja pale alijua maana yake. Mwanamke anayerudishwa hazikwi kando ya nyumba aliyoijenga. Anazikwa pembeni mwa shamba la kaka zake, kama binti aliyeshindikana, na wajukuu hawatajiwi jina lake. Miaka ishirini na sita ya Mong'ina pale Sironga ingefutwa kama alama ya mguu kwenye majivu. Nyangau alijaribu kueleza habari ya mtambo, na nilimwona anavyosikia maneno yake mwenyewe na kuona aibu. Wazee walishauriana. Wakasema ikiwa vile vile alivyoolewa navyo vitarudi miguuni mwake kabla ya jua la kesho kutua, atazikwa kama mke. Vingine havifai, kwa sababu vingine ni ndoa nyingine, na maiti haichezewi enyangi.

Kulipopambazuka Nyangau alikwenda kinamasini na spana zake. Nilimfuata, kwa sababu alihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa nati, na kwa sababu sikuweza kukaa ndani na Mong'ina. Vitu alivyofunga kwa kuvibembeleza, sasa alivifungua kwa nguvu. Nati iliyokataa aliikata kwa patasi. Bomba lililogoma alilipiga nyundo mpaka likapinda, na geji, ile ambayo pete yake aliitoa shingoni mwa ndama, ikaanguka kioo kikavunjika, akaipita. Kila kiungo kilipoachia aliingiza kisu, akabandua pete nyembamba ya shaba iliyobanwa ikawa nyeusi, akaiweka kwenye kofia yake. Miaka minne ya kazi ilikuwa inalala kwenye nyasi.

Tulipofika kiungo cha tano akaanza kuzungumza, macho yake kwenye spana.

"Alikataa siku ile ya kwanza," akasema. "Nilimwomba kutwa. Halafu akasema atavua, lakini nimwahidi kitu kimoja. Shaba ikipatikana iwe ya wawili. Nifanye enyangi moja, yeye avishwe tena na wewe uvishwe, siku moja, ngoma moja. Alisema amechoka kusikia miguu yake peke yake katika ua huu. Akanikataza kukuambia mpaka Osman aipate, usije ukangoja tena bure."

Nilikuwa nimeshika nati. Nakumbuka baridi yake. Nilimwambia palepale, bila kuzunguka, kwa sababu hapakuwa tena na mahali pa kuzungukia.

"Osman anayo. Nilikudanganya."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza uliponituma. Na mara ya pili vile vile."

Aliinua kichwa akanitazama. Nilingoja anipige na ile spana, na nasema kweli, ningemshukuru. Alinitazama kwa muda ambao mtu anaweza kufunga mlango na kufungua. Kisha akainamisha kichwa tena kwenye kiungo.

"Shika hapa," akasema. "Jua linakwenda."

Tukaendelea. Tulifungua viungo vyote. Mchana tulipeleka ile kofia kwa Angwenyi, aliyekuwa amekwisha washa moto wake wa uhunzi uani kwetu. Aliyeyusha, akafua, akaongeza na vipande vilivyobaki ambavyo Nyangau alikuwa amevihifadhi kwenye kopo, hata vumbi la tupa. Zikatoka pete nyembamba, sita mguu huu na tano mguu ule. Makori alizihesabu, akatazama uso wa Nyangau, akazihesabu tena, akasema zimetimia. Nilimheshimu kwa hilo. Angwenyi akamvisha Mong'ina, naye akazikwa kando ya nyumba yake kabla jua halijatua.

Mtambo uko pale pale mpaka leo, vipande vyake vimetawanyika kwenye nyasi. Watu walingoja kiasi cha heshima, kisha mlango wa boila ukarudi kufunika shimo la ndizi.

Nyangau hakuniambia neno juu ya jambo lile, si siku ile wala baadaye. Hakuniacha na hakunipiga. Alikula chakula nilichopika na kunishukuru. Wakati mwingine nilitamani anitukane, niwe na la kujibu.

Baada ya mavuno ya mwaka wa hamsini na moja alitembea mwenyewe mpaka Kisii kwa goti lile. Alikwenda siku mbili akarudi na lile bomba jekundu begani. Nilipoliona moyo wangu ulipata nafuu, nikafikiri ameamua kuufufua mtambo wake, maana shaba ile ilitosha viungo vyote. Alilitundika nyumbani kwa Mong'ina. Wiki iliyofuata akamwita Angwenyi, akamwita mzee wa enyangi, akaniambia nipike pombe.

Nilipoelewa nilimwendea nikapiga magoti. Nilimwomba asifanye hivyo. Nilimwambia shaba iende kwenye mtambo, au irudishwe kwa Osman, au itiwe mtoni, lakini isije kwangu. Nilimwambia sistahili. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akinoa panga lake.

"Sikukuahidi wewe," akasema.

Ngoma ilikuwa kubwa. Wanawake waliimba, waliniosha, walinipaka mafuta, wakanisifu kwa uvumilivu, kwamba nimengoja miaka kumi na mitatu bila kunung'unika. Wakanikalisha kwenye kigoda mbele ya nyumba. Angwenyi akapiga goti na pete zake, sita kwa sita, zinang'aa. Nyangau alisimama pembeni yangu mahali mume anaposimama, akitazama upande wa kaburi. Nikanyoosha mguu wa kulia, kisha wa kushoto.